Uzi Uliopita Mdomoni

Mkono wa kulia wa dada yangu ulianza kutetemeka katika msimu wa sare za shule, na kwa muda mrefu tuliamua kuuita uchovu. Uchovu tulikuwa tunaujua. Dada alishika cherehani kabla mimi sijajua kufunga kamba za viatu, na mimi, tangu ndoa yangu ilipokwisha nikarudi kwake na sanduku langu, ndiye mpiga pasi wake, mshona vifungo wake, na mjibu wateja wanaouliza kama nguo zao ziko tayari huku wanaziona mezani hazina mikono. Mtu akifanya kazi hiyo miaka yote halafu asitetemeke, huyo ndiye wa kupelekwa hospitali. Ndivyo nilivyokuwa nikisema, na Dada alikuwa akicheka.

Tunafanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba tunayoishi. Cherehani iko dirishani ili ipate mwanga. Nyuma yake kuna meza ya kukatia, chini ya meza marundo ya vitambaa, ukutani kabati la nguo zilizokwisha, na karibu na kiti cha Dada kasha la mbao lenye nyuzi za kila rangi ambayo mteja amewahi kuagiza. Chumba cha nyuma tunalala na kupika. Ukuta wa kushoto tunautumia pamoja na duka la nafaka, na chini ya ukuta huo, pale bomba la maji linapopita, pana tundu. Tundu hilo ndilo chanzo cha habari hii yote. Mende wanazaliwa upande wa mahindi na mchele, wanakua, wanaoana, kisha wanahamia kwetu kuanza maisha.

Mende hali mahindi tu. Anakula wanga, na kola ya shati iliyotiwa wanga kwake ni karamu. Anatafuna karatasi za vipimo, anatia madoa kitambaa cheupe, na baya kuliko yote, anajificha ndani ya nguo iliyokunjwa akasafiri nayo mpaka kwa mwenyewe. Miaka ya nyuma mama wa bi harusi mmoja alifungua mfuko mbele ya wakwe ili waone gauni la binti yake, na kabla ya gauni akatoka mende, akatembea juu ya lesi bila haraka. Dada hakuwepo, lakini akisimulia utadhani alikuwa amesimama palepale. Hajawahi kukanyaga tena mtaa ule. Nadhani siku aliyopata habari hiyo ndiyo aliyokula kiapo cha kuwamaliza mende.

Tangu hapo nyumba yetu ikawa vitani. Asubuhi, kabla ya kufungua mlango, alipuliza dawa ya kopo kwenye pembe zote. Jioni akifunga alipuliza tena, dirisha likiwa limebanwa ili dawa isipotee bure. Kabatini aliweka vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, vingi, ndani ya vijifuko alivyovishona mwenyewe kwa mabaki ya lesi, maana Dada hata sumu huivalisha vizuri. Na ndani ya kasha la nyuzi, kwenye droo na katikati ya vitambaa, alinyunyiza unga wa kijivu aliokuwa akiununua kwa mchuuzi sokoni, unaopimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye kipande cha nailoni. Haukuwa na maandishi yoyote. Mchuuzi mwenyewe aliuita Kimyakimya, kwa sababu mende akiupita hasemi neno tena.

Sisi harufu hatukuisikia tena. Wateja ndio walioisikia na, usishangae, waliipenda. "Fundi, nguo zako zinanukia usafi," walimwambia, wakizipeleka puani. Dada alifurahia maneno hayo kuliko sifa yoyote ya mshono. Akimaliza kuagana na mteja wa namna hiyo alikuwa anaongeza kijifuko kingine kabatini.

Sasa nieleze jambo ambalo mafundi wanalifanya na hakuna anayeliona. Uzi wenye manyoya hauingii kwenye tundu la sindano. Unaukata, unautia mdomoni, unaulowesha kwa ulimi, unaubana kwa midomo mpaka upate ncha, ndipo unautunga. Dada alifanya hivyo kila alipobadilisha rangi, kila uzi ulipokatika, kila alipokaa kupinda pindo kwa mkono. Akitoa rola ya uzi kashani aliipuliza kwanza, fyuu, unga ukaruka, na kwake hiyo ilikuwa imeshasafika. Kisha mdomoni. Mkono ulipoanza kutetemeka uzi ukawa unapita kando ya tundu, basi akawa anaulamba mara ya pili, na mara ya tatu, akiulaumu uzi kwamba siku hizi wanatengeneza ovyo.

Mchana ukifika kichwa kilikuwa kinamgonga. Macho yalimtoka machozi hadi mteja mmoja akaingia, akavua kofia na kuuliza nani amefariki. Midomo ilikuwa inamchonyota, halafu inakufa ganzi, na kwa hilo alinilaumu mimi na chai yangu, kwamba ninaileta ya moto mno. Nikaanza kuipoza. Ikawa sasa ninaleta chai ya baridi, na midomo bado ganzi.

Kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alisema sukari, mwingine presha, jirani wa ng'ambo akasema ni kijicho cha mafundi wenzake, tena akawataja. Siku za mapumziko tulikuwa tunakwenda kwa kaka yetu mkubwa, kutwa nzima, na huko kichwa kilikuwa kinamwacha na mkono unatulia kidogo. Dada alisema ni kwa sababu kule anapikiwa. Mimi niliona ni kweli, maana hata mimi, nikipikiwa, napona.

Tulichukua hatua siku mkasi ulipomsaliti. Mwalimu mkuu wa shule iliyo mwisho wa barabara yetu humpa Dada kazi ya sare za wanafunzi wake wote, mwaka hadi mwaka, na kazi hiyo ndiyo inayotuweka mjini. Dada alikuwa anakata sketi, kitambaa kimekunjwa tabaka juu ya tabaka, mstari wa chaki umenyooka. Mkono ukaruka. Mkasi ukaacha chaki ukaingia katikati ya kitambaa, matabaka yote, kabla hajaweza kuusimamisha. Katika maisha yangu sijawahi kumwona dada yangu akikata vibaya. Aliweka mkasi mezani taratibu, akakaa, akashika tama. Hakulia. Ingekuwa nafuu kama angelia.

Dada hana mume, hana shamba, hana mtoto wa kumtegemea. Ana mkono ule. Mimi nami nina yeye, basi. Mkono ukimwacha, hakuna mmoja wetu anayejua kesho yake ataamkia nini. Nilimwambia avae viatu twende kwa daktari, na kwa mara ya kwanza hakubishana nami.

Daktari alikuwa binti ambaye angeweza kuwa mtoto wetu, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajakaa chini tangu asubuhi. Nilimpenda kwa hilo, alikuwa mwenzetu. Akampima Dada sukari, ikawa nzuri. Akampima presha, ikawa juu kidogo. "Hiyo ni ya kukaa kwenye foleni yenu," Dada akasema. Daktari akauliza habari za usingizi, za chakula, kama kuna mtu wa ukoo wetu aliyekuwa anatetemeka. Hakuna. Akasema itabidi damu ipimwe zaidi, akainama kuandika, na hapo Dada akakiona kifungo.

Kilikuwa kifungo cha mkono wa koti lake jeupe, kinaning'inia kwa uzi mmoja. Namjua dada yangu. Anaweza kuacha chakula kiungue jikoni, lakini kifungo kinachoning'inia hakimpiti.

"Mwanangu, lete huo mkono," akasema.

"Acha tu, Mama, usijisumbue."

Lakini Dada alikuwa ameshachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake, anakoiweka siku zote, na mkobani ametoa rola ya uzi mweupe. Akaipuliza, fyuu. Akakata uzi kwa meno, akautia mdomoni, akaulenga. Ukapita kando. Akautia tena mdomoni. Ukapita tena kando. Mimi nikageuza uso. Sikupenda mtu amwone dada yangu vile.

Daktari hakugeuza uso. "Mama, hapo umepuliza nini?"

"Vumbi."

"Vumbi la nini?"

"La dawa ya mende. Lakini si nimeshalipuliza?"

"Dawa gani?"

Dada akanitazama, na mimi nikatazama viatu vyangu. Jina kama Kimyakimya linasemeka vizuri sokoni. Mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe ndipo unapolisikia lilivyo.

Daktari akaweka kalamu chini, akauliza moja baada ya jingine: hiyo dawa inawekwa wapi, dawa nyingine ni zipi, madirisha yanafunguliwa saa ngapi, tunalala wapi. Akauliza uzi unapita mdomoni mara ngapi kwa siku.

"Nitajuaje?" Dada akasema. "Wewe unajua unapepesa macho mara ngapi?"

"Basi ni mara nyingi."

"Ni kazi yangu, mwanangu."

"Mama, sitakuapia kwamba ni hii," daktari akasema. Alizungumza polepole, na nilishukuru, kwa sababu wengi wao wanasema kama wanakimbizwa. "Kutetemeka kuna sababu nyingi na damu yako nitaipima vilevile. Lakini unaniambia unavuta dawa asubuhi na jioni, unalala karibu nayo, na juu ya hayo unaila. Kidogo sana, sikatai. Ungekula kijiko ungeletwa hapa umebebwa, na mtaa mzima ungejua. Hiki kidogo cha kila siku hakimpigii mtu kelele. Kichwa kinauma, macho yanatoka machozi, mdomo unakufa ganzi, na mtu anasema ni kazi."

"Ni kazi," Dada akasema tena, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Na huo unga hatujui hata ni kitu gani. Huenda ni dawa ya shambani, isiyotakiwa kuingia ndani ya nyumba kabisa. Acha vyote, Mama. Tuone mwili utasema nini."

Akatueleza la kufanya. Tufungue madirisha. Tufunike pua na mdomo, tuvae mipira ya mikononi, tupanguse kwa kitambaa chenye maji na sabuni, wala tusifagie kavu tukarusha unga hewani. Vitambaa tuvifue. Unga uliobaki tusiuchome wala tusiumwage mtaroni, tuufunge vizuri tumpelekee bwana afya. Tundu tulizibe, chakula tukifunike, maji yasituame, kwa sababu mende asipokuta chakula wala maji wala njia atahama bila kupuliziwa. Uzi, tuuchovye kwenye kikombe cha maji. Na nyuzi zilizokaa kwenye lile kasha tuziage.

"Zote?" Dada akauliza.

"Zote, Mama."

Kifungo hakikushonwa. Dada alitoka mle chumbani akigeuka nyuma kukitazama.

Njiani alikuwa amefura. "Nimekwenda na ugonjwa wa mkono, nimerudi nimeshonewa wa mdomo," akasema. "Mama yetu alilamba uzi mpaka anaingia kaburini."

"Mama hakuwa na Kimyakimya, Dada."

Akaongeza mwendo, na kwa Dada hiyo ndiyo namna ya kukubali. Tulitembea mpaka nyumbani kila mtu na yake.

Kusafisha chumba kile kulitumaliza. Nasema kweli, kuna uchovu ambao nimeubeba tangu siku hizo na bado sijautua. Tulitoa kila kitu nje, tukapangusa kuta, droo, miguu ya meza, tukafua vitambaa ambavyo havijawahi hata kushonwa, tukaanika, tukapiga pasi, tukakunja upya. Unga ulikuwa kila mahali. Ulikuwa kwenye mpasuko wa meza, ndani ya mfuniko wa cherehani, chini ya mto anaokalia Dada. Kadiri tulivyopangusa ndivyo nilivyoogopa, kwa sababu nilikuwa nimekula mkate kwenye meza hiyo.

Nyuzi tulizitoa mwisho. Watu watasema uzi ni uzi, nenda dukani. Lakini zilikuwamo rangi ambazo hazitengenezwi tena. Kulikuwa na kahawia moja ya sare ya shule iliyofungwa zamani, na samawati aliyoinunua alipoanza kazi, akaibania miaka yote kwa ajili ya nguo ambayo haikuletwa. Dada alizitia kwenye gunia moja moja, akizitazama. Nilimwambia aniachie mimi. Akasema hapana, mwenye kufiwa ndiye anayezika.

Tundu tuliliziba kwa saruji. Kwanza nilikwenda kwa muuza nafaka kumwomba azibe na upande wake.

"Mnanisingizia," akasema, akiendelea kupima mchele. "Mende wa kwangu nawajua. Hawatoki."

"Unawajua kwa majina?"

"Ninyi ndio mnaowafundisha kusafiri, na mifuko yenu."

Nilirudi nikaziba upande wetu peke yake, kwa mikono yangu, vibaya.

Na mwili ukasema. Kichwa ndicho kilichotangulia kupona. Siku moja mchana niligundua kwamba Dada hajanituma dawa ya maumivu tangu siku nyingi, lakini nilikaa kimya, kwa sababu ukimwambia dada yangu amepata nafuu anaanza kutafuta ugonjwa. Kisha macho yakakauka. Chai yangu ikawa chai tena. Mkono ndio uliokuwa mzito wa kutuambia lolote. Siku moja umetulia, siku ya pili unaruka. Kikombe cha maji kilikaa mezani, lakini mdomo wake ulikuwa umezoea, na mara kwa mara nilimwona anauinua uzi, anafungua midomo, anakumbuka, anashusha, anachovya. Anachoka. Kwa mtu wa umri wake kujifunza upya kutunga uzi ni kama kujifunza upya kutembea. Majibu ya damu yalitoka mazuri. Daktari akasema tuendelee hivyohivyo, mambo haya hayataki haraka, na kwamba hajui mkono utarudi kwa kiasi gani. Nilimheshimu kwa kutotudanganya.

Shida ni kwamba mende nao hawakuwa na haraka. Kwa muda walipungua kweli. Kisha wakapata njia ya darini, wakaanza kushuka mmoja mmoja kama wageni wanaochungulia kama kuna watu. Mimi nilipangusa makombo, nikafunika ndoo, nikaweka mitego ya gundi, nikaua kwa kandambili. Kila asubuhi Dada alitoa nguo kabatini akazikung'uta moja moja kabla ya kuzikunja tena. Kazi iliyokuwa ya kupuliza mara moja na kwenda kulala ikawa kazi ya kutwa. Tulikuwa tunamaliza siku hatuna hata hamu ya kuongea.

Siku Mwalimu alipokuja kuchukua sare, tulikuwa tumezikung'uta zote. Naapa. Tulizipanga mezani kwa ukubwa, sketi huku, mashati kule, zinang'aa. Mwalimu ni mwanamke wa makamo, mpole, anayevaa miwani iliyofungwa kamba shingoni. Akatusalimia kwa heshima, akamuuliza Dada habari za mkono, akachukua shati la juu, akalifungua kutazama kola. Mende alitoka mfukoni mwa shati. Alikuwa mdogo, mwekundu, wa juzi tu. Akapanda kidole cha Mwalimu, akashuka mezani, akaenda zake.

Laiti angepiga kelele. Alilikung'uta shati, akalikunja tena, vizuri kuliko nilivyolikunja mimi, akaliweka juu ya rundo.

"Fundi," akasema, "nimekusifia kwa walimu wenzangu wote."

"Najua, Mwalimu. Nisamehe. Tumeacha dawa. Daktari amesema..."

"Nimekuelewa. Afya kwanza." Akavaa miwani yake, akaivua. "Zile sweta za msimu ujao, usianze kwanza. Nitakutumia mtu."

Aliondoka na sare zake. Tulimsindikiza mpaka mlangoni, tukamshukuru, tukamtakia siku njema. Mtu anayesema atakutumia mtu, huyo mtu hatumwi; hilo hata mimi nisiye fundi ninalijua. Nilirudi ndani nikaanza kufagia mahali palipokuwa safi. Dada alichukua mtandio wake akatoka bila kusema anakwenda wapi.

Alirudi baada ya muda, akakaa kwenye kiti chake, akaweka mezani kifundo cha nailoni. Sikuhitaji kuuliza. Kupitia nailoni ile niliiona rangi ya kijivu.

"Dada, hicho nini?"

"Usijifanye hujui."

"Baada ya yote haya? Baada ya kuzika nyuzi zako?"

"Nitauweka kabatini tu. Kwenye nyuzi sitauweka."

"Kabatini unatia mikono kutwa."

"Nitanawa."

"Na ukisahau? Na mimi je? Na watoto wa shule wanaovaa hizo nguo zinazonukia usafi?"

Hapo aligeuka, na sijawahi kumwona na uso ule. Haukuwa uso wa hasira, ulikuwa wa mtu aliyefika mwisho wa nguvu zake. "Mkono unaotetemeka naweza kuuficha," akasema. "Nauweka mfukoni, naukalia, namwambia mteja ni baridi. Mende nitamficha wapi? Niambie wewe, mdogo wangu. Yule mama ameniheshimu miaka yote, leo ameondoka akinionea huruma."

Nilikinyakua kile kifundo. Sikufikiri, mkono wangu ulikwenda wenyewe, nikakibana kifuani kama mtoto aliyenyang'anya kitu. Dada akasimama.

"Nipe."

"Sikupi."

"Nipe, nimesema. Mimi ndiye mkubwa kwenye nyumba hii."

Akaunyoosha mkono wa kulia mbele yangu, kiganja juu, vidole wazi. Nilitaka kupiga hatua nyuma, nikashindwa, kwa sababu nilikuwa nimekiona kitu ambacho yeye hakuwa amekiona bado. Nikautazama mkono ule, na nadhani ni jinsi nilivyoutazama ndiyo iliyomfanya naye ateremshe macho.

Ulikuwa umetulia. Pamoja na hasira yote ile, pamoja na aibu ya siku ile, mkono wa dada yangu ulikuwa umenyooka hewani na hakuna kidole kilichocheza. Tulisimama tukiutazama, yeye na mimi. Aliugeuza upande wa juu, akaugeuza tena, na machozi yakaanza kumtoka, na safari hii hayakuwa ya dawa.

Kisha aliushusha taratibu, akakaa, akauweka mapajani na kuufunika kwa ule wa kushoto.

"Haya, umepona," akasema, akitazama meza tupu ambapo asubuhi zilikuwa zimejaa sare. "Sasa niambie. Mkono mzima usio na kazi nitaufanyia nini?"

Nilitaka sana kumjibu. Nilisimama pale na kile kifundo cha unga mkononi, nikitafuta neno, lolote, la mdogo kumwambia mkubwa wake. Mwishowe nilisema kweli.

"Sijui, Dada."

Akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba nilikuwa nimempa jibu la haki. Nikatoka kwenda kwa bwana afya.